Eti "Udongo Tu"

Wafinyanzi wenzangu wa Ujiji, hivi nyinyi hamuambiwi? Mteja anageuza chungu, anakigonga kwa kidole, kinalia ngi! Kizima kabisa. Halafu: "Elfu tano? Si udongo tu huu, mama?"

Udongo tu! Nani aliuchimba bondeni akaubeba kichwani? Nani aliutwanga, akaokota kokoto mojamoja, akaukanda mpaka viganja vikawaka moto? Kinakauka kivulini siku nenda siku rudi, maana unyevu ukibaki ndani, motoni unageuka mvuke na chungu kinapasuka, puu! Kazi ya wiki nzima, vigae. Na kuni je, nazo bure?

Ndoo ya plastiki analipia bila neno. Changu ndicho cha kuvutana bei mpaka jua lizame ziwani!