Mahakama ya Mwanzo: wakili aingie au abaki nje?

Tukisikia mahakama wengi tunawaza jaji na joho lake na kesi za mauaji, lakini hizo ni za Mahakama Kuu. Kesi zetu za mtaani hapa Tanzania, huyu kaiba simu, yule kampiga jirani, nyingi zinaanzia Mahakama ya Mwanzo, ile ya ngazi ya chini kabisa, na zinaishia hapohapo. Na pale kwa miaka mingi wakili alikuwa haruhusiwi kabisa kusimama, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilimzuia, mpaka mabadiliko ya 2021 ndo yakamfungulia mlango, tena kwenye zile tu ambazo hakimu wake ni hakimu mkazi, yaani mwenye shahada ya sheria.

Wanaosema bora angebaki nje siwabezi. Mahakama hii iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, mlalamikaji anasimama mwenyewe anaeleza kilichompata kwa Kiswahili chake, hakimu anauliza, anaandika, na miaka yote hiyo pembeni yake walikaa wazee wa baraza wawili, raia wa kawaida wa kumsaidia kuamua. Na wale wazee walikuwa na kura kabisa, wakiwa kitu kimoja wanamshinda hakimu, tofauti na Mahakama Kuu ambako mzee wa baraza anatoa maoni tu na jaji anaweza asiyafuate. Sasa ingiza wakili hapo, mapingamizi yataanza, kesi itaahirishwa mara tatu mara nne, halafu mama muuza mbogamboga aliyeibiwa atajikuta anabanwa maswali na mtu aliyesomea sheria, na yeye hela ya kuweka wa kwake hana. Hii hoja ni nzito jamani.

Ila kwenye jinai mimi nasema aingie, maana Mahakama ya Mwanzo inaweza kukufunga mpaka miezi 12, na mwaka mzima ndani biashara imekufa na watoto wamerudishwa nyumbani ada haijalipwa. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi. Shahidi akimaliza kutoa ushahidi hakimu anamgeukia mshtakiwa, "una swali?" Mshtakiwa anajibu "huyu muongo mheshimiwa", anaambiwa uliza swali, muda wako wa kujieleza utafika, anasema basi sina. Hajui kwamba mahakama zetu zinahesabu jambo usilomhoji shahidi kama umelikubali! Akifungwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kule wanasoma kilichoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, kwa hiyo hata akiuza shamba apate wakili mzuri, lile swali ambalo halikuulizwa ndo limeshapita.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na wanafanya kazi kubwa vijijini, lakini wao ni kukushauri tu, kusimama mahakamani kwa niaba yako hawaruhusiwi. Na hili la hakimu mkazi nalo sio sawa, kosa lilelile, kifungo kilekile, mmoja ana haki ya wakili na mwenzake wa kata nyingine hana kwa sababu tu ya cheo cha hakimu aliyempata. Ningependa iwe ruksa kote, na pale upande mmoja una wakili na mwingine hauna, hakimu alazimike kumweleza huyo asiye naye kwamba asipouliza atahesabika amekubali, amweleze kabla shahidi wa kwanza hajahojiwa, na aandike kwenye mwenendo kwamba amemweleza.