Antibayotiki kubaki ndani ya jino sio sifa tosha

Peisti za antibayotiki, yaani dawa laini zinazojazwa ndani ya jino kuua bakteria kwenye matibabu ya mzizi, zinasifiwa kwa jambo moja kila mara, kwamba dawa inabaki kwenye jino na inaendelea kuua bakteria hata wiki kadhaa baada ya kuoshwa. Ni kweli inabaki, sikatai. Ila mi naona tunashangilia kitu ambacho tungetakiwa kukipima kwanza.

Inayojulikana zaidi ni ile ya dawa tatu, metronidazoli, siprofloksasini na minosaiklini, iliyopata umaarufu kutokana na tafiti za Wajapani akina Hoshino mwaka 1996. Wazo lao lilikuwa zuri sana, maana ndani ya mzizi uliooza kuna bakteria wasiotaka hewa kabisa, hao metronidazoli ndo kiboko yao, na kuna wengine isiowagusa, ndo zinaingia hizo mbili. Tena hawakai tu kwenye njia ya katikati anayoipitisha faili (kijisindano cha kukwangulia) dokta, dentini, ile sehemu ngumu inayoizunguka njia hiyo, ina vitundu vyembamba mno, maelfu kwa maelfu kwenye kila milimita ya mraba, mdudu kama Enterococcus faecalis anaingia humo anatulia. Dawa nayo inamfuata humohumo, minosaiklini inashikana na kalsiamu ya dentini halafu inaachia taratibu. Kalsiamu haidroksaidi, dawa nyingine ya kuweka ndani ya mzizi isiyo antibayotiki, haifanyi hivyo, inaua kwa ukali wake wa alkali, pH ya kama 12.5, dentini yenyewe inaupunguza huo ukali, na ukishaitoa habari yake imeisha.

Sasa kule minosaiklini kung'ang'ania kalsiamu ya dentini ndiko kunakobadilisha rangi ya jino. Jino la mbele la mtoto aliyeanguka linatibiwa, maumivu yanaisha, halafu linaanza kuwa la kijivu kuanzia pale kwenye fizi. Ndo maana wengi wameitoa minosaiklini wakabaki na dawa mbili, na hizo mbili bado zinaacha nguvu yake kwenye dentini, kwa hiyo sioni kwa nini mtu aendelee kuing'ang'ania.

Kubwa zaidi kwangu ni kiwango. Unga ukichanganywa na maji kidogo tu mpaka ukawa mzito, kila mililita inabeba kama miligramu 1000 za dawa, na kiwango hicho kinaua seli shina za kwenye ncha ya mzizi, zilezile zinazotakiwa kuumalizia mzizi wa mtoto kukua! Chama cha madaktari wa mizizi ya meno Marekani siku hizi kinashauri miligramu 1 hadi 5 kwa mililita, na wenzao wa Ulaya wanapendelea kalsiamu haidroksaidi.

Na kuitoa sio kazi ndogo, unaosha na kuosha kwa sindano na bado nyingi inabaki imeshika kuta, maana yake dawa inapungua yenyewe polepole bila mtu kuisimamia, na bakteria anayeishi na dozi hafifu ndo anayejifunza usugu. Hili silisikii likisemwa kabisa.

Kwa mtu mzima mwenye mzizi uliokomaa, uliosafishwa vizuri kwa sodiamu haipokloraiti (dawa ya maji ya kuoshea mzizi), mi ningeanza na kalsiamu haidroksaidi bila kusita, antibayotiki zibaki kwa meno ya watoto yasiyokomaa, kwa kiwango kidogo, na kwa yale ambayo usaha umegoma kukauka.