Ukishaikaanga Nazi, Liache Tui

Nikikuta mapishi ya kuku wa Kigoa yaliyoandikwa kwa Kiswahili, siku hizi naanza kusoma kutoka chini. Balaa huwa mstari wa mwisho, pale mpishi anapoambiwa amalizie na tui zito, aache lichemke kidogo, aepue. Nazi iliyokaangwa taratibu, viungo vilivyosagwa kwa jasho, vyote vinazamishwa kwenye weupe, na kinachopakuliwa ni kuku wa nazi tuliyemzoea tangu utotoni, safari hii kavaa koti la kahawia.

Sina ugomvi na tui. Mimi ni mtu wa Tanga, na kuku wa kupaka siwezi kumsema vibaya hata kwa kulipwa. Ila pwani ya magharibi ya India, kuanzia Malvan kule Maharashtra, ukishuka Goa, Mangalore mpaka Kerala, nazi imepewa kazi ambayo sisi na minazi yetu yote hatukuizoea. Inakunwa, inakaangwa mpaka ikawa kahawia, kisha inasagwa pamoja na viungo. Hapo haiji kulainisha kitu. Inakuja kama kiungo, cheo kimoja na giligilani na pilipili manga, na ndiyo inayoupa mchuzi uzito, rangi na ule uchungu mdogo wa kupendeza.

Watazame watu wa Malvan. Wanakaanga vitunguu na nazi kavu, yaani mbata, wanasaga, wanapikia kuku mwekundu mkali, na wanamla na vade, vimaandazi bapa vya unga wa mchele uliochanganywa na mbegu za jamii ya kunde. Pembeni wanaweka sol kadhi, kinywaji cha tui na kokum, tunda chachu la huko lenye rangi ya zambarau. Kwa hiyo tui lipo mezani, lakini liko kwenye gilasi, linamsubiri aliyeungua ulimi. Mangalore nako kuna kori gassi, humwagwa juu ya mikate mikavu ya mchele inayovunjika kama kaukau. Najua wapo wa huko wanaotia na tui, na kuna msomaji atanirushia hilo usoni. Sawa. Wanalitia wakijua wanachokipunguza. Sisi tunalitia kwa mazoea, kwa kuwa hatujui kuiona nazi bila kutaka kuikamua.

Ninayempenda kuliko wote ni wa Goa, xacuti, wanayoitamka shakuti. Siri yake haipo kwenye orodha ndefu ya viungo inayowatisha watu. Ipo kwenye kikaango.

Nazi mbichi iliyokomaa, karibu nusu yake ni maji, na kama theluthi ni mafuta. Ukiiweka kwenye kikaango kizito, moto mdogo, bila tone la mafuta, mwanzoni huoni kitu ila mvuke. Hapa ndipo watu wanapochoka na kuongeza moto. Usiongeze. Maji lazima yatoke kwanza, na wakati yanatoka nazi haiwezi kubadilika rangi. Yakiisha, mambo yanakwenda mbio: chembe zinakuwa nyepesi chini ya mwiko, zinaanza kutoa mlio mkavu, harufu inahama kutoka ya maziwa kwenda ya karanga. Kutoka rangi ya dhahabu mpaka rangi ya mdalasini ni dakika chache sana, na kutoka hapo mpaka mkaa ni chache zaidi. Epua kabla hujafika unapotaka, kwa kuwa chuma kina joto lake na kitaendelea kukaanga hata jiko likizimwa. Mwaga kwenye sinia papo hapo, tandaza.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ukikuna, usiifikishe mbuzi kwenye kifuu. Vile vipande vya ngozi ya kahawia huungua mapema na kuwatia wenzao uchungu. Pili, chembe ziwe sawasawa, vinginevyo ndogo zitakuwa masizi wakati kubwa bado nyeupe. Walio ughaibuni wanaotumia nazi kavu ya pakiti, inafaa kabisa mradi haina sukari, ila haina maji ya kuilinda, inakimbia. Usiiache hata kwa kupokea simu.

Viungo navyo hukaangwa bila mafuta, mbali na nazi. Kwa kuku wa kilo moja na nusu na nazi moja kubwa, mimi hutia vijiko vitatu vya mezani vya giligilani, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kingine cha pilipili manga, karafuu tano, kipande cha mdalasini, iliki, shamari kidogo na kile kiungo chenye umbo la nyota. Pilipili kavu ndefu nane au kumi. Khashkhash, yaani mbegu za mpopi, huingia mwishoni kabisa, na kungumanga haikaangwi, inakwaruzwa tu. Wasomaji wa Dubai na Abu Dhabi wasihangaike na khashkhash, mbegu hizo ni marufuku Imarati. Korosho kidogo zinafanya kazi ya kuupa mchuzi uzito. Na bizari ya mchuzi ya pakiti? Hapana. Ina manjano mengi mno na itafunika kila ulichokikaanga.

Kuhusu ukali nina neno. Kuna mashindano ya kipuuzi ya kutia pilipili kichaa mpaka mtu ashindwe kuongea, halafu tunaambiwa ndio Uhindi wenyewe. Wapishi wa pwani ile huchagua pilipili kwa rangi kwanza: za Kashmir, au za Byadgi kutoka Karnataka, nyekundu sana na ukali wa wastani. Tena pilipili hizi zote asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioziingiza Goa, waliyoishika tangu 1510 mpaka India ilipoichukua mwaka 1961. Kabla yao, ukali wa pwani hiyo ulitoka kwenye pilipili manga. Shakuti nzuri ina vyote viwili, wa pilipili unaoshika ulimi haraka na wa pilipili manga unaokuja nyuma, kooni. Aliyepunguza pilipili manga na kuongeza kichaa amepata moto tu.

Yaliyobaki ni mepesi. Kuku analazwa na thomu, tangawizi, majani ya kotmiri, pilipili mbichi, manjano na chumvi. Awe wa kienyeji kama uwezo upo, kwa kuwa mchuzi huu unataka muda, na kuku wa kisasa ataachana na mifupa kabla nazi haijaiva vizuri. Saga nazi na viungo kwa maji ya moto kidogo kidogo mpaka vilainike kabisa; blenda ikilalamika, ipumzishe, usiimwagie maji mengi. Kaanga vitunguu vikolee, mgeuzegeuze kuku humo, tia rojo lako, suuza blenda kwa maji na hayo maji yaingie pia. Moto mdogo. Mafuta ya nazi yenyewe yatapanda juu yakielea mekundu, na hiyo ndiyo ishara. Ukwaju kidogo, epua. Nyanya haihitajiki.

Kinachonishangaza ni kwamba hatukuwa mbali na chakula hiki. Wagoa wameishi nasi vizazi, Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam. Sambusa, bajia na chapati za Wahindi wengine ziliingia mpaka vibandani, zikawa zetu. Shakuti ikabaki majumbani mwao na kwenye vilabu vyao. Nadhani ni kwa sababu mpishi wa kwetu akimwona mtu anakausha nazi kwenye kikaango, anaona tui linapotea bure. Amefundishwa kuhesabu nazi kwa tui, la kwanza na la pili, machicha ya kuku. Kumwambia akaange nazi nzima, asikamue hata kikombe, ni kumwambia afanye israfu. Ila hakuna kinachotupwa: nyama yote ya nazi inaliwa, machicha na mafuta yake. Ukipiga hesabu hiyo, mwenye israfu ni yule anayekamua.

Huko Goa shakuti huliwa na mkate, na boflo la kwetu linafaa sana, lile lenye ganda gumu la kuchovea. Wali mweupe pia. Wali wa nazi usipike siku hiyo, nakusihi, maana utakuwa umelirudisha tui kwa mlango wa nyuma. Ugali naukubali, mradi uwe mgumu.