Mashine Ina Dakika 43, Mimi Sina Hata Moja

Mwenzenu nimeajiriwa kuiuliza mashine kama imetimiza ahadi zake. Ndiyo kazi yangu, msicheke. Anayeuza mihogo Kariakoo anaonekana anauza mihogo. Mimi shemeji yangu akiniuliza nafanya nini hapa mjini, nameza mate, nasema "mambo ya kompyuta", naye ananiletea simu yake iliyojaa nimpunguzie picha.

Kampuni yetu inaendesha mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani. Mfumo wenyewe unaishi kwenye mashine za kukodi za Google Cloud, huko wanakoita wingu. Sasa wakubwa walikaa kikao, wakanywa chai na sambusa, wakaweka malengo ya huduma, ofisini tunayaita esielo (SLO): katika kila maombi 1,000 ya tiketi, 999 yajibiwe vizuri. Lile moja linalobaki ndilo lililonitoa machozi, maana nalo lina jina. Linaitwa bajeti ya makosa. Yaani mashine imetengewa fungu la kukosea! Na ukihesabu kwa muda badala ya maombi, asilimia 99.9 ya siku 30 inaiachia dakika 43 na ushee kila mwezi za kulala chali bila kuulizwa na mtu.

Mimi natoka Gongo la Mboto. Naamka saa kumi alfajiri, kabla ya jogoo na kabla ya muadhini. Juzi konda katushusha Tazara, eti gari linageuza, nauli harudishi, na anakuangalia kama wewe ndiye uliyemkosea. Nikafika ofisini Posta nimechelewa dakika 9. Nikaandikwa kwenye daftari la mapokezi kwa kalamu nyekundu. Nikamweleza mlinzi kistaarabu kwamba kaka, kwa mwezi huu bado nimebakiwa na dakika 34. Akaniambia nisogee, naziba mlango.

Basi wiki iliyopita bosi akaniita. "Kijana." Nina miaka 41 na upara, lakini kwa bosi mimi ni kijana. "Jumatatu nataka hali ya malengo yote ya huduma. Na usiniletee picha za skrini. Andika programu ichote yenyewe."

Kuichota unahitaji maktaba, yaani furushi la maagizo ya kompyuta lililoandikwa tayari na Google wenyewe ili usigonge mlango wao mikono mitupu. Mimi natumia ile ya Python, lugha ya kuandikia programu. Ikanigomea hadi saa tatu usiku, nikaona nimpigie Mama Junior asikae na wasiwasi.

"Mke wangu, nimechelewa. Maktaba inanisumbua."

Kimya. Nikasikia anapunguza sauti ya televisheni. Hiyo si dalili nzuri.

"Maktaba gani Dar hii iko wazi saa tatu usiku?"

"Siyo ya vitabu. Ni ya Python."

"Ahaa," akasema. "Kumbe ana jina."

Sikuongeza neno. Kuna maelezo ambayo ukiyatoa unazidi kuzama.

Kilichokuwa kinanigomesha ni ruhusa. Programu ilikuwa inajibu kwamba haina kibali cha kusoma malengo. Kusoma tu, si kugusa! Na mtoa vibali wetu ni mmoja, alikuwa msibani Morogoro, simu yake anaishika mjomba. Nikapata kibali siku ya tatu, baada ya kutoa rambirambi.

Haya, umeingia. Usidhani unauliza juujuu. Mashine inakuhoji kama mjumbe wa nyumba kumi: mradi gani, huduma gani, wa kwa nani. Kwa hiyo unaanza kuorodhesha huduma, kisha kwa kila huduma unaulizia malengo yake, kwa amri yenye jina refu kama treni ya mizigo: list_service_level_objectives. Nayo haikumwagii kila kitu kwa mkupuo. Inakupa ukurasa, na ndani ya ukurasa kuna tokeni ya kuombea ukurasa unaofuata. Ni fundi cherehani kabisa. Umefuata suti, unapewa koti, suruali "pitia Alhamisi". Heri hiyo maktaba ya Python, yenyewe inampitia fundi Alhamisi kwa niaba yako. Wewe unazungusha kitanzi tu, yaani amri inayojirudia, nguo zinakuja.

Halafu kuna kitu kimoja humo kinanichekesha peke yangu hadi jirani wa dawati ananiangalia. Unaweza kuomba lengo kwa mtazamo wa aina mbili. Ukisema FULL, unapewa kipimo kifupi kama kilivyoandikwa na mwenyewe. Ukisema EXPLICIT, kile kipimo kifupi kinafumuliwa, unaonyeshwa kinahesabiwa vipi, kipi kinawekwa kwenye kundi la mazuri na kipi kwenye jumla. Nyumbani kwangu FULL haipo. Nikisema "foleni", naambiwa nifumue: foleni ya wapi, ulipanda gari saa ngapi, ulikaa siti ya dirishani au ulisimama, na mbona shati halijakunjamana.

Jumatatu ikafika. Nikachapa orodha yangu, kurasa 4, rangi. Kila huduma inasoma 0.999, moja 0.995, ya mapato 0.9999. Bosi akafurahi mpaka akalegeza tai. "Safi sana kijana, mfumo wetu unafanya kazi kwa asilimia 99.9!" Makofi. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama bwana harusi.

Sasa, kwenye kikao alikuwepo mhasibu wetu, mama mmoja mpole, ambaye kwa bahati mbaya yangu ni mweka hazina wa kamati za harusi nusu ya Kinondoni. Akavaa miwani. Akageuza karatasi ya kwanza, akageuza ya pili.

"Mwanangu," akasema, "hizi ni ahadi. Zilizolipwa ziko wapi?"

Ukumbi ukapoa. Na alikuwa sahihi, ndugu zangu! Ile amri inakuletea malengo: nani kaahidi nini, kwa kipimo gani, ndani ya siku ngapi. Haikwambii hata chembe kama ahadi imetimizwa. Nilikuwa nimepeleka daftari la ahadi za michango, lile ambalo kila mjomba kajiandika laki tano na mbuzi, bosi akadhani ni salio la benki. Wiki mbili kabla ya harusi ndipo utajua kuwa wajomba watatu wamezima simu na mbuzi alikuwa wa kufikirika.

Ahadi zilizolipwa zinachotwa dirisha lingine. Unakwenda kwa mteja mwingine wa maktaba ileile (mteja ndilo jina la kipande cha maktaba kinachokuulizia), yule wa vipimo, unaomba mfululizo wa takwimu kwa muda fulani, na kwenye kichujio unataja jina kamili la lengo ndani ya alama za kunukuu: select_slo_health ukitaka afya, select_slo_budget_fraction ukitaka kujua bajeti ya makosa imebaki kiasi gani. Alama za kunukuu nilizisahau mara mbili. Tuendelee.

Bosi akasema anataka hasa afya ya Ijumaa saa mbili usiku, muda ambao watu wanakata tiketi za kusafiri kesho yake. Hapo ndipo nilipozaliwa Mswahili kwa hasara. Bosi anasema saa mbili. Saa ya ukutani inasema 20:00. Nikaandika 20:00, nikajisifu kwamba sikuandika 02:00 kama yule wa mafunzo kwa vitendo. Majibu yakaja: mzima wa afya, hajapiga hata chafya. Bosi akalegeza tai tena.

Kumbe mashine inahesabu kwa saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, na sisi Dar tuko mbele kwa saa tatu. Saa mbili usiku yetu kwao ni 17:00. Nilichokuwa nimeulizia ni saa tano usiku, Gongo la Mboto imelala, Mbagala imelala, hakuna mtu anayekata tiketi ya kwenda popote. Ni sawa na kwenda Kariakoo usiku wa manane halafu urudi useme siku hizi hakuna msongamano. Nikarekebisha. Afya ya 17:00 nisiiseme hapa, kuna wateja wetu wanaweza kuwa wanasoma.

Na bajeti ya makosa? Hasi 0.4. Ndiyo, inakwenda hasi! Inaanzia 1, inashuka hadi 0, na isipoona aibu inapitiliza. Tulikuwa tumekula bajeti yote na kukopa asilimia 40 juu yake. Hii kitu naielewa bila maktaba, maana ndivyo daftari la Mangi wa dukani linavyosema kuhusu mimi. Kuna hata kipimo cha kasi ya kuteketeza: kasi ikiwa 1, bajeti ya siku 30 inaisha siku ya 30 barabara. Ikiwa 3, siku ya 10 umekauka. Mshahara wangu unaingia tarehe 25, na kufikia tarehe 4 nimeshaanza kumsalimia Mangi kwa jina la ukoo. Piga hesabu mwenyewe.

Nyumbani nikafanya kosa la mwaka. Nilikuwa nimechoka, nikamsimulia Mama Junior habari ya bajeti ya makosa. Nikasema kwa upole, mke wangu, hata mashine za Marekani hazidaiwi asilimia mia. Mfumo wenyewe wa Google ukijaribu kuandika lengo la 1, yaani mia kwa mia, unakataa, mwisho ni 0.9999. Kwa nini mimi, mtoto wa Kisarawe, nidaiwe mia?

Akatulia. Akafuta mikono kwenye khanga. Akauliza maswali mawili tu, nami kwa ujinga wangu nikayajibu yote.

La kwanza: dirisha la kuhesabia ni la muda gani? Nikamwambia linaweza kuwa la kalenda, siku, wiki, wiki mbili au mwezi, linaanza upya kila mara. Au la kusogea, siku 1 hadi 30, kosa la zamani linadondoka nyuma lenyewe. Akasema la kwake limeanza siku ya ndoa na halisogei. Ndiyo maana hadi leo naulizwa habari za kuku wa 2015.

La pili: bajeti ikiisha ofisini mnafanyaje? Nikasema tunasimamisha mambo mapya yote mpaka hali itengemae.

"Vizuri," akasema. "Mwezi huu umechelewa siku 6. Zile dakika zako 43 ulizimaliza tarehe 2. Mpira wa kwenye kibanda, umesimama. Ile redio ya spika mbili uliyosema utanunua, imesimama. Rafiki yako wa Ukonga anayekuja kula Jumapili, naye amesimama."

"Mama Junior, lakini..."

"Fumua."

Sikuwa na cha kufumua. Nikakaa mkekani, njaa inauma, nikakumbuka kwamba asubuhi natoka niliahidiwa samaki wa kupaka. Nilimbeba huyo samaki kichwani tangu Ukonga hadi Posta na kurudi. Nikaona bora tubadilishe mada.

"Chakula kipo?"

"Kipo jikoni."

"Ulisema samaki."

"Lengo lilikuwa samaki, Baba Junior."

Nikaenda nikafunua sufuria. Dagaa, na kichumvi kimezidi. Nikawaangalia, nao kwa wingi wao wakaniangalia. Nikachukua sahani, nikasogeza ugali, nikajiambia kimoyomoyo kwamba kwa mtazamo wa FULL dagaa naye ni samaki.