Mpwa wangu, achana na Kar98, chukua 303

Kijana wa dada yangu yuko Ohio. Amepata kazi ya maana, amelipa madeni, na sasa amepatwa na ugonjwa wa wanaume wa kule: anataka bunduki ya zamani ya jeshi ya kwenda kupigia shabaha Jumamosi. Sina ugomvi naye. Kule sheria inaruhusu, umri anao, renji haiko mbali na anapoishi, na kuna wazee wastaafu wanaomfundisha bure. Kilichonipandisha presha ni ujumbe aliotuma kwenye grupu la ukoo: "Mjomba shikamoo. Nimeamua nachukua Kar98. Si ndiyo Wajerumani walipigania hapo kwetu vita ya kwanza?" Vidole gumba vikamiminika, hadi vya binamu zake wa Area D hapa Dodoma ambao bunduki pekee waliyowahi kuishika ni ile ya kwenye gemu la simu.

Marahaba, baba. Siyo hiyo. Ya kuchukua ni 303, yaani Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Mwingereza.

Kar98k, ile Mauser fupi ya Mjerumani, ni ya mwaka 1935. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu, alisalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Fanya hesabu. Askari weusi wa Mjerumani waliopita Mpwapwa na Kilimatinde wengi wao walianza vita na Mauser ya mwaka 1871: unaingiza risasi moja, unafyatua, unaingiza nyingine. Mtutu wake ni wa milimita 11 na unakula baruti nyeusi, kwa hiyo kila ukipiga, wingu la moshi linasimama hapo ulipolala kumwonyesha adui wako pa kupiga. Ndiyo maana Waingereza walipokimbilia melini pale Tanga, Novemba 1914, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi kwa malaki, Wajerumani walizizoa na kuwagawia askari wao. Mauser 98 zile ndefu zilikuwepo, na meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza mwaka 1915 ikaingia Manza, kaskazini ya Tanga, ilileta nyingine. Ila Kar98k, ile fupi ya kwenye gemu, haikuwahi kupigana Ugogo. Ikiwa sababu ya kuinunua ni kwamba ni ya kwetu, basi sababu imekufa kabla pesa haijatoka benki.

Binamu mmoja akaandika: "Mjomba, bunduki ni bunduki, anunue ya bei rahisi." Huyu ndiye aliyenifanya niandike haya yote badala ya kujibu kwa emoji.

Miaka yangu ya Rungwa, kwenye kampuni ya uwindaji, kazi yangu ilikuwa kupangusa bunduki za wageni jioni na kuzihesabu asubuhi. Nimeona mtu mwenye pesa za kukodi ndege akikaa kambini kama mgonjwa kwa sababu bunduki yake nzuri, ya urithi, inakula risasi ambayo haipatikani tena. Bunduki ya aina hiyo ni gari lisilo na spea. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayetaka kupiga shabaha, si kutundika ukutani, ni hili: risasi zake zinauzwa leo, mpya, kiwandani, na utaweza kuzinunua kila mwezi bila kuuza simu? Bei ya bunduki unailipa mara moja. Risasi utailipa mpaka uchoke.

Hapo ndipo Mosin-Nagant ya Warusi, kipenzi cha wanaotafuta rahisi, inapoanza kukohoa. Kuna wakati Wamarekani walikuwa wanaichukua kwa bei ya jozi ya viatu, pamoja na mikebe ya risasi za Kisovieti iliyofungwa kama ya sadini. Siku hizo zimepita. Bei ya bunduki yenyewe imepanda, ile mikebe imepungua, na tangu 2021 Marekani imebana vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi. Na zile risasi za zamani fataki zake, yaani viwashio vya kitakoni, zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu, na mtu aliyekwenda kulala bila kuosha bunduki ataamkia mtutu mwekundu.

Kuosha, nasema. Siyo kupaka mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi. Babu yetu alikuwa keya, askari wa Kiafrika wa Mwingereza katika vita ya pili, alifika hadi Burma, na sisi wajukuu tulikuwa tukimzunguka tukisubiri hadithi za Wajapani. Hakutupa hata moja. Alichotusimulia ni maji ya moto: jinsi walivyopanga foleni na birika, kila mtu anamimina maji yanayochemka mtutuni, anakausha kwa kitambaa, ndipo anaweka mafuta, na ole wake ambaye afande atachungulia akakuta weusi. Tulidhani mzee anatuficha mambo makubwa. Labda alikuwa anaficha, sijui. Lakini kijana wa Ohio akinunua risasi za jeshi za miaka ya nyuma, za nchi yoyote ile, habari za birika la babu yake ndizo zitakazomwokolea mtutu.

Sasa nije kwenye 303, maana ndiyo ninayoitetea na sitajifanya niko katikati.

Lee-Enfield ndiyo bunduki aliyokuwa nayo babu. Ndiyo waliyoibeba waliomtangulia, wale wa upande wa Mwingereza walioletwa kutoka kaskazini na Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini, mwaka 1916, wakaingia Kondoa mwezi Aprili mvua ikinyesha na farasi wakifa, wakashambuliwa usiku wa Mei na askari wa Lettow pale pale kwenye vilima vya Kondoa, wakashikilia, kisha Julai wakashuka hadi kwenye reli hapa Dodoma. Baadhi yao wamo bado kwenye makaburi ya vita hapa mjini, majani yamefyekwa vizuri kuliko kwenye makaburi yetu wenyewe. Wapagazi waliowabebea mizigo, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, hawana hata jiwe.

Na baada ya bunduki kupita, ikaja Mtunya. Wasomaji wangu wa Ugogo hamhitaji kuelezwa, bibi zenu walihesabia umri kwa njaa ile. Wajerumani walirudi nyuma wakichukua nafaka na ng'ombe, Waingereza wakaja wakachukua kilichosalia pamoja na wanaume wa kubeba, mvua nayo ikagoma, na kuanzia 1917 hadi 1920 watu waliisha vijijini. Kwa hiyo mtu asinisingizie kwamba nampenda Mwingereza na bunduki yake. Ninachosema ni kwamba kijana mwenye damu ya Ugogo akitaka kushika kipande kimoja cha chuma cha karne iliyopita, akakisafisha, akakijua hadi skrubu, basi akishike hicho kilichomhusu. Kar98 ina hadithi zake Stalingrad na Normandy. Wapo wenye hadithi hizo, waachiwe. Sisi tunaokota ya wengine kwenye gemu la Wachina wakati ya kwetu imelala kwenye rafu ya duka Ohio ikiwa na alama ya mwaka 1917 shingoni.

Haya, nimepumua. Turudi renji.

Kwa mpiga shabaha anayeanza, 303 inajitetea hata ukiitoa historia. Magazini inabeba risasi kumi, wakati Mauser na Mosin zinabeba tano. Bolti yake, kile chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi, inateleza haraka kuliko yoyote ya rika lake. Teke lake linavumilika. Kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia bado kinatengeneza risasi zake, mpya, zenye fataki zisizo na chumvi, na maganda yake unaweza kuyajaza tena. Zilitengenezwa kwa mamilioni, Uingereza, Lithgow kule Australia, Ishapore kule India, Long Branch kule Kanada, hata Wamarekani wenyewe kupitia Savage, kwa hiyo vipuri havijawa almasi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mashine ya Mauser ni bora. Nusu ya bunduki nilizopangusa Rungwa, zile za kukabili nyati, ndani yake ni Mauser 98 iliyobadilishwa jina. Vyuma vinavyofunga bolti ya Lee-Enfield viko nyuma badala ya mbele, chemba yake ni pana, na maganda hutoka yametanuka kama yamevutwa, jambo linalowaudhi wanaojaza risasi nyumbani. Na risasi yake ina ukingo kitakoni. Ukizipanga vibaya kwenye magazini, ukingo wa juu ukakaa nyuma ya ukingo wa chini, itakwama na utatukana mbele za watu. Jifunze kuzipanga. Ni suala la jioni moja.

Kuna la pili ninalolazimika kukubali. Kwa macho ya mtu anayeanza, Lee-Enfield ya vita ya pili, No. 4, ni rahisi kupigia kuliko SMLE, ile ya zamani ya tangu vita ya kwanza. Ina kitundu cha kulengea karibu na jicho, mtutu wake ni mzito zaidi, na vichwa vyake vya bolti vina namba, 0 hadi 3, ili fundi aweze kurekebisha nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Hiyo haikuwa Kondoa 1916. Inaniuma kidogo, lakini ukweli ndio huo, na kama pesa inatosha moja tu na lengo ni kutoboa karatasi, achukue No. 4. SMLE itafuata, wanaoanza na moja hawaishii moja.

Dukani asitazame mbao kwanza. Atoe bolti, amulike taa, achungulie mtutu: mifereji iwe na kona, isiwe imeliwa ikabaki kama bomba la maji. Alinganishe namba ya bolti na namba ya mwili wa bunduki. Aombe fundi apime kwa geji ile nafasi ya bolti kabla ya risasi ya kwanza, na muuzaji anayekasirishwa na ombi hilo amemjibu tayari. Akikuta herufi DP zimegongwa popote, hiyo ilikuwa ya kufundishia gwaride, si ya kufyatulia, airudishe mahali pake taratibu. Akikuta SMLE ya Ishapore ya miaka ya 1960, aina ya 2A au 2A1, ajue hiyo inakula 7.62 ya NATO, na 303 haiingii humo hata kwa maombi.

Nyingine nazipitia. K31 ya Uswisi: inapiga vizuri mno, anunue atakapokuwa na mshahara wa pili. Garand: nzuri, ila kila Mmarekani anayo, na babu zao wanastahili kuringa nayo. SKS ndiyo iliyonichekesha, maana aliniuliza kwa heshima kubwa kama ni adimu. Mwanangu, hiyo ni SAR. Rudi likizo, pita mbele ya benki yoyote hapa mjini, msalimie afande aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, itazame bure.

(Nyinyi wa Nkuhungu na Kisasa mnaosoma hili mkitamani: hapa kwetu kuna sheria ya silaha ya 2015, na sijui utamwambia nini OCD akikuuliza unataka kulinda nini na bunduki ya mwaka 1917. Mimi mwenyewe hamu yangu naimalizia kwenye picha.)

Na tafadhali, akishainunua asiitie vanishi. Nimeona picha za watu waliozipiga msasa mbao za mti wa jozi, zikang'aa, zikapoteza mihuri yote ya jeshi, kisha wanajisifu wamezikarabati. Wameondoa kile walicholipia. Vilevile zile zilizokatwa mbao za mbele zikafanywa za kuwindia, bei yake huwa tamu na kuna siku utaambiwa ni uwekezaji. Kwa kuwindia sawa. Kwa mkusanyaji, ni bunduki iliyovuliwa nguo.

Najua lakini kijana huyu. Ni wa dada yangu, na dada yangu hajawahi kumsikiliza mtu. Huenda wiki ijayo atatuma picha ya Kar98 hata hivyo. Basi angalau ajue kwamba nyingi zinazouzwa kule ziliwahi kutekwa na Wasovieti, wakazifungua zote, wakazitia kwenye mapipa, wakaziunga upya bila kujali bolti ya nani imeingia kwa nani, wakazipaka rangi ya wekundu mzito na kugonga namba mpya juu ya za zamani. Mara nyingi utaiona alama ya X upande wa kushoto. Si mbaya kwa kupigia shabaha. Ila muuzaji akimwambia namba zote ni za kuzaliwa nazo na kwamba anamwachia kwa bei ya hasara kwa sababu amempenda, aombe bolti iwekwe mezani chini ya taa, na anipigie kabla hajalipa. Huku kwetu itakuwa usiku, lakini nitapokea.