Mwanasheria na Maabara: Sayansi Iwe Lazima kwa Kila Mwaka wa Kwanza?

Mwanafunzi wa uhandisi au kemia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hamalizi shahada bila kupita DS, yaani Taaluma za Maendeleo. Anasoma ukoloni, utegemezi na utandawazi, anafanya pepa, anasonga mbele. Mwenzake wa sheria au wa Kiswahili anaisoma DS hiyo hiyo, lakini hakuna anayemdai akanyage maabara hata siku moja.

Upande mmoja huu una historia yake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likiwa bado la moto, ikaamuliwa kuwe na kozi ya pamoja ili msomi aijue jamii inayomsomesha. Kutoka hapo tukafika kwenye taasisi ya taaluma za maendeleo, iliyoundwa 1973. Hofu ya enzi zile ilikuwa mtaalamu asiyeijua nchi yake. Hofu ya kiongozi, hakimu au mhariri asiyejua ushahidi wa kisayansi unapatikanaje haikuwa na msemaji.

Wanaotaka sayansi ya utangulizi iwe lazima kwa wote wana mfano mzuri ambao hatujausahau. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara kwa siri, zikiwa na majina na umri wa watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Mitandaoni wakatokea wa kushangilia na wa kucheka. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kikasema vipimo vilikuwa sawa. Basi, kila mtu akabaki na timu yake.

Ila kupeleka sampuli kwa majina ya uongo si kichekesho hata kidogo. Kukagua maabara kwa sampuli zilizofichwa utambulisho ni jambo la kawaida kabisa. Kazi ilikuwa kwenye maswali ya kufuatia. Zilipelekwa sampuli ngapi, na ngapi zilirudi na majibu gani? Je, ziliwekwa pia sampuli za wagonjwa na wazima waliokwisha kujulikana, ili kuwe na cha kulinganishia? Kipimo kilichoandaliwa kwa makamasi ya binadamu kinatarajiwa kusema nini kikiletewa utomvu wa papai? Uchafuzi ungeweza kuingilia wapi, kwa mchukua sampuli au mezani maabara? Mwandishi wa habari hahitaji shahada ya baiolojia kuuliza hayo. Anahitaji kuwa amefundishwa, angalau kwa muhula mmoja, kwamba hayo ndiyo ya kuuliza.

Lakini mfano huo huo unawageuka. Aliyetoa tangazo lile alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia, kutoka Chuo Kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam. Kama miaka yote ya maabara haimalizi ubishi wa aina hii, kozi ya wiki 15 kwa mtoto wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, itafanya nini? Mtoto huyo, kwa mtaala uliowalea wengi waliopo vyuoni leo, aliagana na fizikia na kemia baada ya kidato cha pili. Baiolojia na hesabu alizivumilia hadi cha nne, nyingine akiziona kama adhabu. Umrudishie tena chuoni, ukumbini na mamia ya wenzake, mhadhiri akisoma slaidi? Atatafuta madesa, atakariri, atamwaga kwenye pepa, na asipobahatika atakula sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa somo lisilohusiana na ajira yake. Yanayosemwa kuhusu DS tunayajua. Hakuna sababu ya kuamini kozi mpya itaepuka. Tena shahada zetu nyingi ni za miaka mitatu, si minne kama za Marekani, kwa hiyo kila somo linaloingia linalisukuma jingine nje.

Wamarekani wenyewe wamelihangaikia suala hili kwa muda mrefu, na ninaona walipopatia ni pale walipoacha kupunguza fizikia ya wanafizikia na kuigawa kwa vijiko. James Conant, mkemia aliyekuwa rais wa Harvard, alibuni baada ya Vita Kuu ya Pili kozi kwa wasiosomea sayansi. Badala ya fomula, walifuatilia visa: Boyle na pampu yake ya hewa, au jinsi wanakemia walivyoiacha nadharia ya flojistoni, kitu kilichodhaniwa kutoka kwenye vitu vinapoungua. Mwanafunzi aliona watu wenye akili wakikosea, wakibishana, wakibadili mawazo. Mmoja wa wasaidizi wa kozi hiyo alikuwa kijana wa fizikia, Thomas Kuhn, na maandalizi yake ya mihadhara ndiyo yaliyomfikisha kwenye kitabu chake cha 1962 kuhusu mapinduzi ya kisayansi. Kozi ya "wasio wa sayansi" ikabadili namna dunia inavyoielewa sayansi. Si haba.

Nikipima, naegemea upande wa kuiweka, kwa sharti gumu: isiwe muhtasari wa vitabu vya kidato cha tano. Mada tatu au nne tu, za hapa: kipimo cha malaria na majibu yake ya uongo, madini ya floraidi kwenye maji ya Arusha, utabiri wa mvua za vuli na maana ya asilimia zake. Vitu hivi havihitaji maabara ya mamilioni. Vinahitaji vikundi vidogo, na hapo ndipo ninapowaelewa wapinzani, kwani mkufunzi mmoja hawezi kusahihisha hoja za wanafunzi 800. Atarudi kwenye maswali ya kuchagua, na kozi itakuwa imekufa. Chuo kisichoweza kuajiri wakufunzi wa kutosha kianze na sheria na uandishi wa habari, na wengine wasubiri. Na kama nafasi kwenye ratiba haipo, ikatwe robo ya DS. Najua hilo litawaudhi wengi kuliko yote niliyoandika hapo juu.