Sikumpigia Mama Mkwe Mluzi, Ilikuwa Jeti

Naandika kwa sababu kuna vois noti inazunguka, inadai nimempigia mama mkwe wangu mluzi. Ina dakika 3 na sekunde 40, mwenye sauti anajijua, na mpaka jana usiku ilikuwa imeshafika kwa shangazi yangu Muscat. Shangazi kanijibu kwa neno moja tu: "Astaghfirullah."

Basi toleo sahihi ni hili.

Lile gari la marehemu baba, Volkswagen Beetle, mnalijua. Tangu mfungo uishe limekuwa likinywa mafuta kama limelaaniwa. Nikiliwasha asubuhi linatoa moshi mweusi, majirani wanaanua nguo. Sailensi, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda, inashuka, inazima. Plagi zote 4 nyeusi tii. Fundi wangu akanusa tu akasema: "Kabureta hiyo. Niletee." Akataja na bei. Mimi nimeshaangalia video mbili usiku, nikamwambia asihangaike, nitaifungua mwenyewe.

(Najua mnacheka. Chekeni kidogo, akiba iwekeni kwa ajili ya mbele.)

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni aina ya Solex 34 PICT-3. Ripea kiti, yaani pakiti ya vipuri vyake, ilitoka Nairobi, ikaja na basi kwa njia ya Horohoro: gasketi, dayaframu ya pampu, sindano mpya ya flota, ile inayozuia petroli bakuli likijaa. Jeti, vile vidude vyenye tundu la kupitishia petroli, hazimo. Shikeni hapo hapo, jeti hazimo.

Jumamosi saa 4 asubuhi nikatandika barazani. Nikachukua sinia la pilau bila kumuuliza mwenyewe, nikalegeza skrubu 5 za kifuniko. Ndani kuna utando wa njano umeganda kama gundi, na mchanga chini. Sindano ya zamani imelika, ncha ina alama ya duara ukiipitishia ukucha. Yaani ilikuwa haifungi, petroli inafurika na injini inalewa. Nikajiona daktari bingwa. Nikapiga na picha, nikaiposti, mkanipa makopa. Wanafiki.

Sasa jeti kuu. Inakaa chini kabisa ya bakuli, nyuma ya nati. Kidude cha shaba, ukubwa wa punje ya hindi, kina tundu la milimita 1.275, ndiyo maana kimeandikwa 127.5. Kitu hiki hakichokonolewi kwa waya. Ukikwaruza tundu likapanuka, utalinunulia gari petroli mpaka uzeeni. Kinapulizwa kwa upepo. Kompresa ipo kwa jirani, ila umeme ulikatika tangu alfajiri.

Nikatumia mdomo. Mafundi wote wanatumia mdomo, msijifanye.

Nimeinama, mgongo nimeupa geti. Nikabana jeti kwa midomo, nikapuliza. Fiiiii. Safi kabisa. Nikasikia kandambili zinasimama nyuma yangu, nikajua ni mke wangu kalifuata sinia lake. Na jeti lazima uipime pande zote mbili. Nikaigeuza, nikapuliza tena. Huu wa pili ulikuwa mrefu, na mwishoni, nakiri, niliupandisha kidogo. Fiiiii-fyuuu.

Nikageuka.

Mama mkwe. Buibui lake jeusi, kikapu cha ukili mkononi, ametoka Pangani. Alikuwa aje Jumatatu! Nyuma yake amesimama yule wa vois noti, kamleta kwa bodaboda toka stendi, mdomo umeachama kama mlango wa gereji.

Sisi mkwe hatumtazami hata machoni. Mimi nimemsimamia kifua wazi, bukta ya petroli, midomo bado imechongoka.

Akili ikatoa amri moja tu: amkia. Sasa jaribuni hapo mlipo. Huwezi kutamka "shikamoo" bila kwanza kuvuta pumzi. Nikavuta, jeti ikaingia.

Ikakaa kooni, ya baridi, ina ladha ya petroli na sarafu. Kwa sekunde moja hivi nilipumua kupitia tundu la milimita 1.275, na kama kuna fundi anauliza, nathibitisha lilikuwa wazi. Macho yakajaa machozi. Mama mkwe kanikazia macho. Nikasukuma salamu kwa nguvu zangu zote, "Shika...", na pamoja nayo ukatoka mluzi wa tatu, mwembamba, wa huzuni.

Kisha ikashuka. Niliisikia inashuka, hatua kwa hatua, kama mgeni anayeshuka ngazi gizani.

"...moo," nikamalizia.

Hakuitikia. Akavuta ushungi, akamgeukia yule wa bodaboda: "Baba, una hakika hatujakosea nyumba?"

"Mama, ni jeti!" nikasema.

"Iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa balaa. Ushahidi wangu wote uko tumboni. Nikajishika tumbo. Mama mkwe akaingia ndani kwa mwanawe, na yule bwana akatoa simu.

Mengine ni mafupi. Hospitali, eksirei, mpiga picha alicheka mpaka akaomba radhi. Daktari akasema haijakwama, itatoka yenyewe. Siku 2 za mapapai. Mke wangu amelizika chujio la chai nyuma ya nyumba na hataki mjadala. Kabureta imerudi mahali pake, skrubu ya mchanganyiko nimeifunga taratibu mpaka ikagusa, nikairudisha mizunguko miwili na nusu, na sailensi imetulia kama friji mpya. Jeti iliyomo ni ipi? Msiniulize.

Jana jioni nikampelekea mama picha ya eksirei. Nimevaa kanzu, nimepiga goti. Akavaa miwani, akaiinua dirishani kwenye mwanga, nikamwonyesha kidoti cheupe chini ya mbavu.

"Ndicho kilicholia, mama. Nilikuwa naangalia kama tundu liko wazi."

Akaangalia muda mrefu.

"Ukapuliza, ukakuta liko wazi."

"Ndiyo mama."

"Alhamdulillah." Akanirudishia picha, akavua miwani. "Sasa mwanangu, ule wenye madoido ulikuwa wa nini?"